Maswali Kabla ya Kalamu: Kumpima Wakili wa Wosia Usukumani

Aliyeuza shamba akagundua kwamba hati imekosewa atarudi kwa wakili wake, na akipuuzwa atamshtaki. Mwenye wosia hana nafasi hiyo, kwa kuwa kosa la mwandishi wake hujitokeza akiwa kaburini. Uingereza ilikutana na tatizo hili katika shauri la White dhidi ya Jones, lililoamuliwa na Nyumba ya Malodi mwaka 1995. Mzee mmoja alikuwa amewaagiza mawakili wake waandike wosia mpya utakaowapa binti zake wawili pauni 9,000 kila mmoja. Mawakili walichelewa, mzee akafa, na binti wakaambulia patupu. Ilibidi majaji waupanue wajibu wa wakili hadi kwa warithi, maana mteja mwenyewe hakuwepo tena kudai. Kwa sababu hiyo naona vipimo vyetu vya kawaida vya uaminifu wa wakili, yaani jina lake mjini na sifa anazomwagiwa na wateja, havitoshi katika jambo la wosia. Mteja anayesifu ni yule ambaye wosia wake bado haujajaribiwa. Kipimo kinachobaki ni kile kinachoweza kuonekana mteja angali hai: maswali anayouliza wakili kabla hajashika kalamu.

Swali la kwanza ni sheria ipi itakayouhukumu wosia huo. Tuchukue mfano wa mkulima wa pamba wa Kalemela, mkoani Simiyu, aliyefunga ndoa kanisani, ana mifugo, na anaishi na ndugu zake katika ardhi ya baba yao. Akifa, je, mirathi yake itaendeshwa kwa mila, au kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika Tanzania Bara? Mahakama zetu huangalia namna marehemu alivyoishi. Katika shauri la mirathi ya Mbilinyi la mwaka 1969, Mahakama Kuu iliona kwamba marehemu alikuwa ameacha maisha ya kimila, ikaiweka mila kando. Jibu la swali hili ndilo linaloamua mashahidi. Sheria ya India inataka mashahidi wawili, na shahidi aliyeachiwa mali katika wosia huo anapoteza alichoachiwa. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililokusanya sheria za mila za urithi na wosia, linataka mengine: kwa anayejua kusoma na kuandika, shahidi mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kwa asiyejua, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na zaidi ya hao, mke au wake waliopo nyumbani. Kinachozuiwa na upande mmoja kinadaiwa na upande wa pili, kwani mke ambaye mila inamtaka ashuhudie ndiye pengine aliyeachiwa nyumba. Wakili anayetoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, akajaza majina na kuwaita makarani wawili wa ofisini Bariadi washuhudie, amemwandikia mkulima huyu wosia unaoweza kuanguka siku ya kwanza mahakamani. Anaweza kuwa na leseni halali na asiwe na nia mbaya hata kidogo.

Uzito wa jambo hili unaongezeka tukikumbuka mahali shauri litakapofunguliwa. Mirathi ya kimila huanzia mahakama ya mwanzo, na kwa miongo mingi sheria ilimzuia wakili kusimama humo. Mabadiliko ya mwaka 2021 yamelegeza zuio hilo pale mahakama inapoendeshwa na hakimu mkazi, lakini familia nyingi za vijijini bado huingia bila wakili. Wosia basi unasimama peke yake mbele ya hakimu na ukoo, bila aliyeuandika kuutetea.

Swali la pili ni mali ni ya nani, na hapa ndipo naona wakili mwema anapotofautiana zaidi na mwandishi wa barua. Ng'ombe wa Usukumani hawakai wote zizini kwa mwenyewe. Wengine wamekabidhiwa kwa rafiki au shemeji wawalishe, kwa makubaliano ya mdomo. Wengine ni mahari ya binti, ambayo wajomba na kaka wana sauti juu yake. Wosia unaosema tu "ng'ombe wangu wote" unazalisha kesi. Wakili makini ataandika wako wangapi, wako kwa nani, wana rangi na alama gani, na nani alikuwepo walipokabidhiwa. Atauliza pia mke amechangia nini. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seifu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, lakini funzo lake linafika mbali: mume asigawe kwa wosia kitu ambacho sehemu yake ni ya mkewe. Na kama shamba limepimwa, wakili mkweli atamwambia mteja kwamba hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya mume na mke itamlinda mjane kuliko kurasa nyingi za wosia, hata kama ushauri huo unampunguzia yeye ada.

La tatu ni nani amemleta mzee ofisini na nani analipa. Mtoto mmoja akimleta baba yake, akaeleza yeye matakwa ya baba, akatoa fedha, wakili anayestahili jina hilo atamtoa nje na kuzungumza na mzee faragha, kwa Kisukuma ikibidi. Asiyefanya hivyo ana mteja mwingine, na mzee amekuja kutia dole gumba tu. Vivyo hivyo kwa wakili anayejiandika mwenyewe kuwa msimamizi wa mirathi kwa malipo ambayo mteja hajaelezwa. Leseni nayo ikaguliwe, na kazi hii ni nyepesi: mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unaonyesha kama mtu yumo katika daftari la mawakili na kama ameruhusiwa kufanya kazi. Ukaguzi huo unawaondoa vishoka, nao wapo wengi. Hautuambii chochote kuhusu umakini wa waliobaki.

Pingamizi zito kuliko yote linasema kwamba sheria yenyewe ni mbovu, hivyo wakili ni pambo tu. Linatokana na ukweli mchungu. Chini ya Tangazo la 1963 mjane hana fungu katika mirathi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Anategemea kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, mkoa uliokuwa na Bariadi ndani yake hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, walifukuzwa majumbani na wakwe zao wakiwa na watoto wadogo, wakaenda mahakamani kuzipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Kanuni hizo ni aibu na zinapaswa kufutwa na Bunge. Lakini tukizisoma vizuri, zinambana zaidi mjane wa mume aliyekufa bila wosia. Mume aliye hai anaweza kumwachia mkewe mali aliyoichuma mwenyewe, na akitaka kumnyima mrithi wa kimila, Tangazo linamdai aseme hivyo waziwazi na kutoa sababu, naye mrithi ana haki ya kujitetea. Hitaji la namna hii, linalokaa kimya hadi lije kuvunja wosia, ni sababu ya kumtafuta mtu anayelijua. Ubovu wa sheria unaongeza thamani ya wakili makini.

Wengine watasema, na si bila haki, kwamba wakili yuko mbali na ada yake ni sawa na mbuzi kadhaa. Hoja yangu haimlazimu mtu kwenda kwa wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) unaandika na kuhifadhi wosia. Hao nao wapimwe kwa maswali yaleyale, kwa sababu msaidizi wa kata anayeuliza kuhusu ng'ombe waliokabidhiwa anamfaa mkulima kuliko wakili wa jijini asiyeuliza. Hofu ya siri kuvuja mashahidi wa ukoo wanapohusishwa ina msingi pia, na wakili anapaswa kumsaidia mteja kuchagua mzee wa ukoo asiye na fungu katika mali. Lakini wosia usiojulikana na yeyote ni hatari kubwa zaidi. Baada ya msiba ukoo hukaa kikao, huteua msimamizi, na muhtasari wa kikao hupelekwa mahakama ya mwanzo. Asipotokea mtu wa kusema kwamba upo wosia, na uko wapi, hakimu atamteua msimamizi kwa muhtasari huo.