Kipimo cha Ujumbe: Kutoka Bweranyange Hadi Simu ya Mkononi

Kila ujumbe husafiri ndani ya chombo, na kila chombo kina kipimo chake. Jambo hili ni dhahiri, lakini historia yake haijaangaliwa sana na wataalamu wa lugha, kwa sababu hudhaniwa kuwa ni kazi ya mafundi peke yao. Yafaa ionyeshwe hapa, kwa mfano wa nchi ya Karagwe, kwamba kipimo cha chombo hukatwa kabla msemaji hajafungua kinywa, na mara nyingi hukatwa na watu ambao hawajapata kuisikia lugha yake.

Mnamo Novemba 1861 Waingereza Speke na Grant walifika Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Hawakuweza kuendelea mpaka habari zao zifike kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na majibu yarudi. Ndipo mnamo Januari 1862 alipofika mjumbe wa Mutesa aitwaye Maula kumchukua Speke, na Grant akabaki kwa sababu ya ugonjwa. Katika zama hizo chombo cha ujumbe kilikuwa kichwa cha mtu. Mjumbe aliweza kurefusha neno au kulifupisha kwa kadiri ya haja, na aliyepokea aliweza kumwuliza asipofahamu.

Simu ya waya ilileta sheria nyingine. Katika mapatano ya mataifa yaliyofanyika St. Petersburg mwaka 1875, neno moja la simu lilipewa kikomo cha herufi 15, na malipo yakahesabiwa kwa neno. Kipimo hiki kiliwekwa kwa kuzifikiria lugha za Ulaya, lakini bila kukusudiwa kiliafikiana na tabia ya Kiswahili, ambacho huunganisha mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja. Neno “hatutawapelekea” lina herufi 15 barabara. Mwingereza atakaye kusema hayo huhitaji maneno sita.

Simu ya mkononi iliibatilisha faida hiyo, kwa kuwa haihesabu maneno bali herufi. Katika miaka ya 1984 na 1985 Friedhelm Hillebrand wa Ujerumani na Bernard Ghillebaert wa Ufaransa walitengeneza mpango wa ujumbe mfupi, utakaopita katika njia iliyokwisha kuwapo kwa ajili ya ishara za mitambo. Nafasi iliyopatikana ilikuwa baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi ikiandikwa kwa biti 7, zinaingia herufi 160. Lakini jedwali la biti 7 lina nafasi 128 tu. Humo zilitiwa herufi za Kilatini, baadhi ya herufi kubwa za Kigiriki, na herufi za watu wa Norway na Sweden. Herufi ŋ haikutiwa. Ujumbe wenye herufi moja isiyokuwamo huandikwa wote kwa biti 16, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70.

Hapa ndipo historia ya tahajia inapoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 taasisi ya lugha za Afrika iliyokuwa London ilipendekeza ŋ kwa lugha za bara hili, na Kiganda kikaikubali katika tahajia yake ya mwaka 1947. Kiswahili kilichosanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kilibaki na “ng'”, yaani herufi mbili za kawaida na ritifaa. Waliotunza desturi hiyo walifikiria mashine za chapa na shule. Hapana aliyeweza kufikiria simu ya mkononi. Hata hivyo, mwandishi wa Kiswahili alipopata simu alikuta lugha yake yote imo katika jedwali, na mwandishi wa Kiganda aliyefuata tahajia yake alikuta herufi yake moja imemnyang'anya zaidi ya nusu ya nafasi.

Lakini usalama huo una mwanya. Ritifaa iliyonyooka imo katika jedwali. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia katika kompyuta huiweka zenyewe, haimo. Tuseme ofisi mjini Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, inataka kuwatangazia wafugaji siku ya chanjo ya ng'ombe. Tangazo lina herufi 160 na linaingia katika ujumbe mmoja. Likinakiliwa kutoka kompyuta pamoja na ritifaa iliyopinda, na mtambo usiigeuze, huandikwa kwa biti 16 na kukatwa vipande. Kila kipande hutoa nafasi ya kutajia namba yake, hata zinabaki herufi 67. Kwa hiyo ujumbe mmoja huwa mitatu, na malipo huwa mara tatu. Mnyambo katika lugha yake husema “ente”, wala hahitaji ritifaa. Gharama humpata anapoandika Kiswahili.

Sheria hiyo hiyo hutawala hata ndani ya kifaa chenyewe. Prosesa ndogo zilizomo katika simu na mitambo hupelekeana habari kwa kuziweka katika bafa, yaani akiba ya muda katika kumbukumbu. Mwaka 2012 mfumo endeshi wa Linux, katika toleo la 3.4, ulipokea draiva ya kazi hiyo iitwayo rpmsg. Bafa zake zilikuwa 512, nusu za kwenda na nusu za kurudi, kila moja ya baiti 512. Baiti 16 zilikuwa za anwani na maelezo. Mzigo ulibakiwa na 496. Bafa zote zilichukua baiti 262,144, hata kama ujumbe ulikuwa wa baiti ishirini. Mwenye mzigo mkubwa alilazimika kuukata, au kubadili kipimo katika maandiko ya draiva. Lakini kukibadili si jambo la upande mmoja: programu ya prosesa ya pili isipopatana na ya kwanza juu ya ukubwa, ujumbe huharibika. Bafa kubwa hupoteza kumbukumbu. Bafa ndogo huongeza vipande, na kila kipande hudai anwani yake.

Basi kipimo ni mapatano, na ayawekaye mapatano huamua ni nani atakayelipa. Katika zama za Maula mapatano yalifanywa na wale waliosemezana. Katika jedwali la biti 7 yalifanywa na waliokuwa barazani, na wasiokuwapo wakapewa yaliyobaki. Kiswahili kiliokoka kwa tahajia iliyochaguliwa kwa sababu nyingine kabisa. Bahati hiyo haitoshi kuwa siasa ya lugha. Majedwali na vipimo vinapotungwa, wenye lugha za Afrika Mashariki hawana budi kuwapo barazani.