Mfuko wa Uzazi Uliotolewa: Historia Fupi ya Upandikizaji na Swali la Hiari

Tarehe 6 Aprili 2000, huko Jeddah, Saudi Arabia, madaktari walimpandikizia mwanamke wa miaka 26 mfuko wa uzazi wa mwanamke mwingine aliyekuwa na umri wa miaka 46. Mpokeaji alikuwa amepoteza mfuko wake kwa sababu ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Msomaji aliyehudumu katika usharika ulio karibu na hospitali ya misheni hahitaji kuelezwa habari hiyo, kwa maana ameizika zaidi ya mara moja. Baada ya siku 99 damu iliganda katika mishipa ya kiungo kile, nacho kikaondolewa.

Si kweli kwamba jambo hilo lilitendeka pasipo tafakari ya kidini. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1990, wanazuoni wa fiqhi ya Kiislamu walikutana Jeddah kuhusu viungo vya uzazi. Walikataza kupandikiza korodani na ovari, kwa kuwa hizo hubeba urithi wa ukoo, lakini waliruhusu baadhi ya viungo visivyobeba urithi huo. Twaweza kutokubaliana na msingi wao, lakini yatupasa kukiri kwamba walijadili kabla ya kisu.

Mkondo mwingine wa historia hii ulianzia Australia. Mwaka 1998 katika mji wa Adelaide, mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, akiwa karibu kuondolewa mfuko wake, alimwuliza daktari Msweden, Mats Brännström, kama asingeweza kupewa wa mama yake. Wazo lilitoka kwa mgonjwa, wala si kwa daktari. Brännström aliporudi Gothenburg alianza utafiti kwa panya, kisha kwa wanyama wakubwa zaidi, wakiwamo kondoo. Wachache miongoni mwetu wanajua kwamba sehemu ya utafiti huo ilifanyika hapa Afrika Mashariki: nyani walipasuliwa Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa wanyama wa jamii hiyo.

Katika miaka ya 2012 na 2013 wanawake tisa walipandikizwa huko Gothenburg. Karibu wote walizaliwa bila mfuko wa uzazi, hali inayompata takriban mwanamke mmoja kati ya 4,500 au 5,000. Watoaji wote walikuwa hai, na wengi wao walikuwa mama wazazi wa wapokeaji. Upasuaji wa mtoaji ulidumu saa 10 hadi 13, maana ilibidi mishipa midogo ya damu iliyo karibu na mirija ya mkojo itenganishwe kwa uangalifu mkubwa. Mtoaji mmoja alipata fistula, ambayo baadaye ilitibiwa. Ugonjwa huo sisi twaufahamu kama aibu ya wanawake waliokosa huduma wakati wa uchungu. Hapa ulimpata mwanamke aliyekuwa mzima, naye aliingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya mwingine. Wapokeaji wawili waliondolewa kiungo katika miezi ya kwanza, mmoja kwa kuganda kwa damu na mwingine kwa maambukizo. Mnamo Septemba 2014 mtoto wa kwanza alizaliwa, kabla ya wakati wake, akiwa na gramu 1,775. Mtoaji wa mfuko uliombeba alikuwa rafiki wa jamaa hiyo, mwenye miaka 61.

Je, mama aweza kumkatalia binti yake? Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Twapenda kuita utoaji huo zawadi, nasi walimu wa neema twalipenda neno hilo. Lakini zawadi isiyoweza kukataliwa bila mtoaji kuhesabiwa kuwa hana upendo imekwisha kuwa deni. Figo hutolewa ili mtu asife, na mfuko wa uzazi hutolewa ili mtu azae, kisha huondolewa baada ya mtoto mmoja au wawili, ili mpokeaji aache dawa zinazodhoofisha kinga ya mwili. Kwa sababu hiyo wengine wamependelea viungo vya marehemu. Huko Antalya, Uturuki, njia hiyo ilijaribiwa mwaka 2011, na huko São Paulo, Brazili, ilileta mtoto mnamo Desemba 2017.

Hiari ya mpokeaji nayo yafaa kuhojiwa. Raheli alimwambia mumewe kwamba asipopata watoto atakufa, na mahali pengi katika sharika zetu mwanamke asiyezaa bado husikia hivyo kutoka kwa wakwe. Luther mwenyewe, katika kitabu chake cha 1522 juu ya maisha ya ndoa, alihesabu kuzaa kuwa wito hata kama mwanamke angechoka na kufa katika kuzaa. Katika hilo hatuwezi kumfuata. Mafundisho yake ya ubatizo, ambayo humpa mtu jina lake mbele ya Mungu kabla hajafanya wala kuzaa lolote, yanamtetea mwanamke tasa kuliko kitabu hicho.

Nchini Uingereza, ambako dada alimpa dada yake mfuko wa uzazi mwaka 2023 na mtoto akazaliwa 2025, sheria hudai kwamba mtoaji aliye hai ahojiwe na mtathmini huru, akiwa peke yake na tena pamoja na mpokeaji. Twaona mchungaji aweza kujifunza hapo. Upandikizaji wa figo umekuwa ukifanyika Muhimbili tangu mwaka 2017, na wanaoombwa kutoa ni ndugu wa karibu. Jamaa wanapomwita mchungaji aje kuombea uamuzi kama huo, na aombe kwanza nafasi ya kuzungumza na mtoaji faraghani, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya sala ya pamoja.