Meza ya Plagi, Maganzo

Historia ya Maganzo huanzia Mwadui, mwaka 1940, Dakta John Williamson alipogundua almasi. Mimi huianzia kwenye meza ya baba mdogo, kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, ambako wachimbaji wadogo walileta plagi za pampu na za vijenereta vya Tiger.

Tiger hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kwa hofu ya kuua injini, wengi walizidisha oili. Plagi ikalowa, ikaota masizi, cheche zikafa. Baba mdogo aliisoma kwa rangi. Nyeusi yenye unyevu: oili imezidi. Nyeupe: injini inachemka. Kahawia: salama, irudishe.

Aliisugua kwa brashi ya waya, akaiosha kwa petroli na kuianika, kisha akapima mwanya, chini kidogo ya milimita 0.7, kwa kipande cha msumeno wa chuma. Msasa aliukataza kabisa, maana chembe zake hung'ang'ania kwenye kauri. Kwangu ule ulikuwa utaalamu kamili.

Siku hizi plagi hutupwa haraka. Ndugu msomaji, kabla hujanunua mpya, ifungue ya zamani uitazame rangi yake.