Mganga Reaven na siri ya insulini

Wengi wetu twaujua ugonjwa wa sukari. Mtu anashikwa na kiu isiyokwisha, anakojoa mara kwa mara, anakonda ingawa anakula. Zamani mtoto aliyepatwa nao hakuwa na tumaini la kupona. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa insulini katika kongosho za mbwa, na mwaka 1922 mgonjwa wa kwanza akachomwa sindano yake. Furaha ilikuwa kubwa. Waganga wengi wakasadiki kwamba neno limekwisha: mwenye ugonjwa wa sukari amepungukiwa na insulini, apewe, basi.

Lakini neno halikwisha. Mwaka 1936 Harold Himsworth, mganga wa Uingereza, alionyesha kwamba wagonjwa si wa namna moja. Wengine wakipewa insulini, sukari yao yashuka upesi. Wengine yashuka kidogo tu. Wachache walimsikiliza. Mtu aliyelifuata jambo hilo maisha yake yote ni Gerald Reaven, na habari zake ndizo tunazotaka kuwasimulia.

Reaven alizaliwa mwaka 1928 mjini Gary, jimbo la Indiana, Marekani. Alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Chicago, akamaliza mwaka 1953. Baada ya kutumika jeshini alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, na huko alidumu hata uzee wake.

Tueleze kwanza kazi ya insulini. Ugali, ndizi na mihogo tunayokula hugeuka sukari katika damu. Insulini hutoka katika kongosho, nayo ni kama bawabu: huifungulia sukari mlango iingie katika misuli. Reaven aliuliza: Je, ikiwa bawabu yupo, lakini mlango ni mgumu?

Mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wa New York, waliandika namna ya kupima insulini iliyo katika damu. Ikaonekana kwamba watu wazima wengi wenye ugonjwa huu wanayo insulini, tena pengine nyingi. Basi imekuwaje sukari isishuke? Reaven na wenzake wakatafuta kipimo. Kwa dawa, waliizuia kongosho isitoe insulini yake. Kisha wakamtilia kila mtu mshipani insulini na sukari kwa kiasi kilicho sawa, saa baada ya saa. Yule ambaye sukari yake ilibaki juu, mwili wake ndio uliokataa kuitii insulini. Majibu hayo waliyatangaza mwaka 1970.

Hapo likatokea jambo kubwa zaidi. Ukaidi huo wa mwili ulionekana hata kwa watu wasio na ugonjwa wa sukari. Kongosho zao zatoa insulini nyingi kupita desturi ili mlango ufunguke, na sukari yao hupimwa ikaonekana njema. Lakini watu hao hao mara nyingi wana mafuta mengi katika damu yaitwayo trigliseridi, wana kolesteroli njema kidogo, na presha yao iko juu. Mambo hayo ndiyo yanayoharibu mishipa ya moyo. Mwaka 1988, mbele ya Chama cha Marekani cha Ugonjwa wa Sukari, Reaven alizikusanya dalili hizo pamoja, akaziita Sindromu X.

Wengi walidhani unene peke yake ndio chanzo. Reaven alikubali kwamba unene na kukaa bila kazi ya mwili huongeza ukaidi huo, akahimiza watu kupunguza uzito na kujizoeza. Lakini unene hakuutia katika kundi lake, maana alikuwa amewaona wembamba nao wakiwa na shida ile ile.

Baadaye wakuu wa afya waliweka hesabu: mwenye dalili 3 katika 5 aandikwe kuwa mgonjwa. Je, mzee alifurahi kuona kazi yake imetukuzwa? La. Mwaka 2005 aliandika makala juu ya jina hilo jipya, na katika kichwa chake akatia maneno ya Kilatini ambayo sisi tumezoea kuwaombea marehemu: requiescat in pace. Kwa nini alitaka lizikwe? Kwa sababu mwenye dalili 2 aweza kuambiwa kwamba hana neno, na kumbe presha yake inamwua. Kila dalili itibiwe, alisema, hata ikiwa peke yake.

Reaven alifariki tarehe 12 Februari 2018, akiwa na miaka 89. Kwake waganga walijifunza kutotosheka na kipimo kimoja. Wahenga wetu walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Sukari ikiwa njema leo, tusiache kupima presha na mafuta ya damu, maana moyo waweza kuumia kimya kimya kabla sukari haijapanda.