Ohsho ya Kyoto: Mkahawa Uliojengwa kwa Sahani ya Gyoza

Tarehe 24 Desemba 1967, Asao Kato alifungua mkahawa mdogo eneo la Shijo-Omiya mjini Kyoto, akauita Gyoza no Ohsho. Leo mikahawa ya jina hilo imepita 700 nchini Japani. Kenya haina hata mmoja, lakini mama wa Nakuru anayeuza sambusa karibu na steji hahitaji kuelezwa sana kuhusu biashara hii: unga umepanda, mteja ni yule yule, na bei haitakiwi kusogea.

Gyoza yenyewe haina siri. Ni unga wa ngano uliosukumwa ukawa mwembamba, ndani nyama ya nguruwe iliyosagwa, kabichi, majani ya jamii ya kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi. Ukiacha majani hayo, vyote vinapatikana Nakuru, na ngano inalimwa hapo Njoro. Zinapangwa kwenye bamba la chuma lenye moto, zinamwagiwa maji kidogo, kisha zinafunikwa. Maji yakikauka, chini zimekuwa kahawia na kukauka vizuri, juu zingali laini. Sahani moja, gyoza sita. Wajapani waliorudi kutoka Manchuria baada ya vita vilivyoisha 1945 ndio walioeneza mapishi hayo, kwa hiyo Kato hakubuni chakula. Alikiuza kwa bei ambayo mwanafunzi na kibarua waliimudu, akagawa kuponi watu waje waonje bure.

Mwaka 1969 ikazaliwa Osaka Ohsho, ambayo sasa ni kampuni nyingine kabisa. Majina yanafanana mno, na mgeni huingia moja akidhani ni nyingine.

Kwa maoni yangu, kilichoibeba Ohsho kuliko hata bei ni uhuru wa mameneja. Gyoza hazibadiliki, ila meneja anaruhusiwa kuongeza vyakula vyake kulingana na watu wa mtaa. Tawi la Demachi, karibu na Chuo Kikuu cha Kyoto, lilienda mbali zaidi: mwanafunzi asiye na hela alikula akashiba, kisha akaosha vyombo nusu saa. Sijui makao makuu mangapi yangevumilia mpango huo. Tawi hilo lilifungwa 2020, meneja wake alipostaafu.

Takayuki Ohigashi, shemeji wa Kato, alishika uongozi mwaka 2000 kampuni ikiwa imezama katika madeni, mengi yakiwa ya uwekezaji katika ardhi na majengo. Aliiokoa. Alikuwa na mazoea ya kufika kabla ya wafanyakazi na kufagia mwenyewe nje ya ofisi. Alfajiri ya 19 Desemba 2013 alipigwa risasi kwenye maegesho ya makao makuu, akafa. Mshukiwa alikamatwa Oktoba 2022.

Mwaka 2014, chini ya mrithi wake, Ohsho ilianza kutumia viungo vikuu vya gyoza vinavyozalishwa Japani kwenyewe, na bei ikapanda kidogo.