Lawama ya Utasa

Hapo kale, ndoa ilipopita miaka bila mtoto, kidole kilimwelekea mke. Mume alioa mke wa pili, au mke alirudishwa kwao. Lugha yenyewe ilikwisha kutoa hukumu, maana neno tasa lilizoea kutajwa kwa mwanamke. Miongoni mwa Wakamba na Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mke ili nyumba yake isikose mrithi. Desturi hiyo ilituliza msiba, lakini haikueleza chanzo chake.

Chanzo kilichelewa kujulikana kwa sababu kilifichwa na udogo. Mwaka 1677, Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, alitazama manii kwa kioo cha kukuzia, akaona viumbe vidogo vyenye mikia vikiogelea. Yai la mnyama anyonyeshaye halikuonekana mpaka mwaka 1827, Karl Ernst von Baer alipoligundua katika mbwa. Kati ya ugunduzi huo na huu ilipita miaka 150.

Mwaka 1872 tabibu Emil Noeggerath alitoa neno lililowaudhi wengi. Alisema kwamba mume aliyedhaniwa amepona kisonono huweza kumwambukiza mkewe, na ugonjwa ukaharibu kizazi chake. Wenzake walimbeza. Lakini mwaka 1879 Albert Neisser alikiona kijidudu cha kisonono, na ukweli wa Noeggerath ukapata nguvu. Tafakari, msomaji: ni wake wangapi waliofukuzwa kwa utasa walioletewa na waume zao wenyewe?

Baadaye vipimo vilichukua nafasi ya dhana. Mwaka 1920 Isidor Rubin wa New York alieleza namna ya kupitisha hewa katika mirija ya uzazi ili kujua kama imeziba. Mwaka 1929 Macomber na Sanders walitangaza hesabu ya mbegu katika manii. Leo tabibu huwapima wote wawili, mume na mke, ikiwa wametafuta mimba miezi 12 bila kuipata. Huenda mirija imeziba, au yai halipevuki, au mbegu za mume ni chache na dhaifu. Na pengine sababu haionekani kabisa.

Tiba nayo ilisonga mbele. Lesley Brown wa Uingereza, ambaye mirija yake ilikuwa imeziba, alikaa miaka 9 bila mimba. Robert Edwards, Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy walilitoa yai lake, wakaliunganisha na mbegu ya mumewe nje ya mwili, kisha wakalirudisha katika mji wa mimba. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, alizaliwa binti yake Louise. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006. Lakini gharama yake bado huwashinda wengi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtu mzima 1 katika kila 6 hupatwa na utasa maishani mwake. Basi utasa ni maradhi, wala si aibu. Na maradhi ya watu wawili hayatibiki kwa kumhukumu mmoja.