Mizani ya Mfukoni na Dhahabu ya Nyatike

Katika biashara ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori, kifaa kidogo kuliko vyote ndicho chenye kauli ya mwisho. Mwamba hupasuliwa, husagwa, huoshwa juu ya zulia, unga mzito unaobaki hufinyangwa na zebaki kisha huchomwa, na jasho la watu kadhaa kwa siku kadhaa huishia kwenye kitone cha manjano kisichofunika ukucha. Kitone hicho huwekwa juu ya mizani ya betri inayoingia mfukoni mwa shati, na nambari inayotokea kiooni ndiyo mshahara. Watu wengi wakizungumzia dhuluma katika machimbo hutaja bei ya soko la dunia, leseni, zebaki, au mashimo yanayoporomoka. Yote hayo yana uzito wake. Lakini nadhani mizani yenyewe imesahauliwa. Udhaifu wake ni mdogo ukiutazama juu juu, ila haugawanyiki sawasawa: humwangukia mwenye kidogo na kumpita mwenye kingi. Na tukitazama jinsi watu wa pwani na wa ziwa walivyopimiana zamani, tunaona kwamba waliishi na vipimo hafifu kuliko hivi wakiwa na njia za kujitetea, kwa sababu uhafifu wenyewe waliuona kwa macho pande zote mbili.

Kipimo cha nafaka pwani kilikuwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hapakuwa na jiwe la mizani wala mkaguzi, na pishi ya mji mmoja haikulazimika kulingana na ya mji mwingine. Hata hivyo kabla ya mtama kumiminwa, mnunuzi na muuzaji walikubaliana jambo moja: ni kibaba cha tele, chenye kilele juu ya ukingo, au ni cha mfuto, kilichopitishwa mkono hadi kikawa sawa na ukingo. Bidhaa nzito zilihesabiwa kwa frasila, takriban kilo 16, na vitu vidogo vya thamani vilipimwa kwa sarafu. Reale ya Maria Theresa, yenye gramu 28 na kidogo, ilitumika kama wakia. Rupia ya India, iliyozunguka Afrika Mashariki yote hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa na uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66. Sarafu iliyolika kingo ilionekana imelika. Mtu aliyeitilia shaka reale ya mwenzake alitoa yake mwenyewe, akaiweka kwenye kitanga cha pili, na shauri likaisha hapo hapo mbele ya mashahidi.

Desturi hiyo haijafa. Ipo kando ya Ziwa Victoria leo. Kwenye fuo za Mbita, Sori na Muhuru omena, wale dagaa wa ziwa, huuzwa kwa debe, kwa karai na kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia ambalo limekuwa kipimo cha taifa zima bila sheria yoyote kulitangaza. Gorogoro lina makosa mengi. Omena waliokauka vizuri hujaza kopo haraka kuliko walio na unyevu, na kopo lililobonyezwa kitako kuelekea ndani huiba kiganja kizima. Lakini mama anayenunua hulipindua kopo akatazama kitako, hulitikisa omena washuke, hudai nyongeza, na akikataliwa huhamia kwa jirani. Ni kipimo duni kilichozungukwa na macho, na macho hayo ndiyo yanayokifanya kivumilike.

Dhahabu iliingia katika eneo hili kwa njia tofauti. Ukanda wa miamba yake huanzia karibu na ziwa na mpaka wa Tanzania, hupita Nyatike na kuelekea Lolgorien upande wa Narok. Machimbo makubwa ya Macalder yalianza kwa dhahabu katika miaka ya 1930, wakati wilaya yote iliitwa Kavirondo Kusini, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Macalder-Nyanza Mines, kwa fedha za Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, ilichimba hasa shaba hadi ilipofunga mwaka 1966. Kampuni ya aina hiyo haiuzi madini kwa kukisia. Ina mizani ndani ya kabati la kioo ili upepo usiiguse, ina tanuru la kupimia usafi wa sampuli, ina karani wa kuandika. Ilipofunga, mashimo na vifusi vilibaki na watu wakavirudia kwa sururu na karai. Maarifa ya upimaji yakaondoka na kampuni. Sheria nayo haikusaidia, kwa kuwa ile ya kikoloni iliyokataza kununua au kuuza dhahabu ghafi bila leseni iliendelea kusimama hadi ilipofutwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Kwa miaka 50 kamili mchimbaji mdogo alipima dhahabu yake kwa siri, na mtu anayepima kwa siri hana shahidi.

Siri haikuzuia ubunifu. Mashariki mwa Kongo wanunuzi walipima kwa mizani ya vitanga viwili wakitumia sarafu za zamani na njiti za kiberiti kama mawe, na tola ya Kihindi ikaendelea kutajwa huko muda mrefu baada ya rupia kusahaulika. Kanda ya ziwa ikazoea pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Ukisikia mama aliyekuwa akisaga marudio, yaani mabaki yaliyokwisha oshwa, akisema amepata pointi tatu, amepata gramu 0.3, na kwa wengi hiyo ndiyo mizigo wanayoileta sokoni. Kisha ikaja mizani ya kielektroniki, rahisi, nyepesi, yenye tarakimu mbili baada ya nukta, na vitanga vikawekwa kando.

Inafaa kukitazama kifaa hiki kwa karibu, kwa kuwa hakifanyi kazi kama kile kilichokitangulia. Mizani ya vitanga hulinganisha: dhahabu upande huu, jiwe upande ule. Ya betri hailinganishi chochote mbele yako. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kinapolemewa, na mtambo hugeuza mpindo huo kuwa nambari kulingana na jinsi ulivyosawazishwa siku ya mwisho, pengine kiwandani, katika nchi nyingine. Mvuto wa dunia si sawa kila mahali. Mizani iliyosawazishwa kwenye latitudo ya kati ya Ulaya ikiletwa karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, husoma chini kwa takriban gramu 0.03 katika kila gramu 10. Mwenye pointi tatu hataliona kosa hilo. Lake liko kwingine. Mizani nyingi za mfukoni zimeundwa zijirudishe kwenye sufuri zenyewe kila zinapohisi mabadiliko madogo ya polepole, ili joto au vumbi lisichezeshe nambari. Kwa hiyo unga wa dhahabu ukidondoshwa taratibu, chembe kwa chembe, kwenye kitanga kitupu, mizani huweza kuzichukulia chembe za kwanza kuwa ni vumbi tu na kuendelea kuonyesha sufuri. Upepo ukivuma, meza ikiinama, betri ikiwa dhaifu, nambari hutangatanga, na aliyeshika mizani ndiye anayeamua ni wakati gani imetulia.

Shirika la kimataifa la upimaji wa kisheria, OIML, lililoundwa mwaka 1955, limeweka kanuni juu ya jambo hili. Mizani ya daraja la pili, ambalo ndilo la kawaida kwa vito na dhahabu, ikiwa imethibitishwa kwa kipande cha gramu 0.01, haipaswi kutumiwa kwa mzigo ulio chini ya vipande 20, yaani gramu 0.2. Ikiwa tayari kazini, huruhusiwa kukosea kipande kimoja juu au chini. Maana yake ni kwamba hata mizani halali, yenye muhuri, haina la uhakika la kusema juu ya pointi moja. Na zile za bei ya chini hazikuundwa kwa biashara hata kidogo, kwa hiyo hazistahili muhuri wowote, ingawa Sheria ya Mizani na Vipimo ya Kenya inataka kila kipimo cha biashara kikaguliwe na kupigwa muhuri.

Ongeza hapo hesabu ya pointi. Mnunuzi anayelipa pointi kamili tu na kuacha tarakimu ya mwisho atamlipa mwenye gramu 0.37 pointi tatu. Muuzaji huyo amepoteza karibu moja ya tano ya mali yake. Mwenye gramu 10.07 akiachiwa tarakimu hiyo hiyo amepoteza chini ya sehemu moja kwa mia. Wanawake kumi wenye gramu 0.37 kila mmoja, wakiuza mmoja mmoja, watalipwa jumla ya gramu 3. Wakizimimina pamoja kwenye kitanga kimoja, ni gramu 3.7. Usafi nao una mtego wake. Wapo wanaoupima kwa kuitumbukiza dhahabu ndani ya maji na kuangalia uzito wa maji iliyoyasukuma. Kwa donge kubwa njia hiyo ni nzuri, kwa sababu dhahabu safi ni nzito mara 19.3 kuliko maji. Lakini gramu moja ya dhahabu safi husukuma gramu 0.052 tu za maji. Mizani ikiandika 0.05, dhahabu hiyo ni safi kabisa, ikiandika 0.06, imekuwa mchanganyiko na fedha, karibu karati 19 na nusu. Mruko mmoja wa tarakimu ya mwisho, ambao pumzi ya mtu inaweza kuuleta, unamvua muuzaji karati nne na nusu.

Atakayepinga atauliza: je, njiti ya kiberiti ilikuwa bora? Haikuwa. Njiti hazilingani, hunyonya unyevu, na aliyezichagua alizichagua kwa faida yake. Sidai turudi huko. Ninachosema ni kwamba kasoro ya njiti ilikuwa hadharani, na mchimbaji aliweza kufungua kiberiti chake mwenyewe akasema tujaribu na hizi. Kioo chenye tarakimu nadhifu humnyamazisha mtu. Huonekana kama kimekwisha amua. Mwingine atasema makosa ya mizani huenda pande zote mbili na mwishowe husawazishana. Hoja hii ni nzuri, na kwa mnunuzi ni kweli: anayepima mara nyingi kwa siku, leo akikosa kidogo kesho atapata. Anayepima mara moja kwa juma hana wingi huo wa kumfidia, na tena makosa mawili niliyoyataja, sufuri inayojirudisha na tarakimu inayoachwa, hayajui kwenda upande wake kamwe.

Pingamizi zito zaidi ni la deni. Mnunuzi mara nyingi ndiye aliyetoa pesa za chakula, mafuta ya mashine na zebaki, na mwenye deni kwake hauzi kwingine hata akionyeshwa mizani ya dhahabu tupu. Ni kweli, na sidhani mizani nzuri peke yake itavunja kamba hiyo. Lakini deni lenyewe hulipwa kwa gramu, na gramu hizo zinasomwa pale pale kiooni. Kila pointi inayopotea huurefusha mkopo. Wakulima wa miwa wa Awendo wanalijua jambo hili kwa njia yao: mkulima aliyechukua mbolea kwa mkopo huanza kusumbuliwa na mizani ya kiwanda kabla hajafikiria bei ya tani.

Tanzania ilijaribu kulitatua tatizo la upimaji kwa kuyakusanya mauzo mahali pamoja. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata, dhahabu ikipimwa uzito na usafi mbele ya maofisa. Kenya ilichukua njia ya vibali: sheria ya 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo na kuunda kamati ya uchimbaji huo katika kila kaunti. Vibali vinaondoa siri, na hilo si dogo, kwani anayeuza mchana anaweza kuita shahidi. Ila kamati inayojadili mipaka ya mashimo ingefaa pia kuwa na jiwe la gramu moja lililothibitishwa na kuliweka mikononi mwa kikundi cha wachimbaji. Jiwe la gramu 100 linalotumika kusawazisha mizani hizi halisemi mengi juu ya pointi tatu. La gramu moja linasema, tena linazuia hila ya sufuri: liweke kwanza kitangani, soma, usirudishe sufuri, kisha mimina dhahabu juu yake na usome tena. Tofauti ya nambari mbili ndiyo dhahabu. Kazi yote haichukui nusu dakika, haihitaji mkaguzi kusafiri kutoka mjini, na mnunuzi hana sababu ya kuikataa ambayo anaweza kuitamka mbele ya watu.